Mchezo wa Nyumbani Uliochezwa London

Norbert Jossart alikuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Alizaliwa Green Bay, mji wa baridi kaskazini mwa Marekani, akafanya kazi kiwanda cha karatasi cha Green Bay mpaka akastaafu, akaoa binti wa mtaa wa pili, na kila timu ya mji ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mikononi, ilipocheza nyumbani alikaa kwenye benchi lile lile la bati, juu kidogo ya mstari wa katikati. Nafasi zake mbili alizirithi kwa baba yake. Katika mji ule nafasi za uwanjani hurithiwa kama shamba. Watoto huandikishwa kwenye foleni wakiwa bado wananyonya, na wapo wanaozeeka wakingoja zamu yao.

Nafasi mbili zilizofuata zilikuwa za Gordy na Lavonne Vandenack, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka kijiji cha Luxemburg, mwendo mfupi wa gari kuelekea mashariki. Wanaume walikaa pembeni, wake zao katikati, kwa sababu wake ndio waliokuwa na mengi ya kuzungumza. Bernice, mke wa Norbert, na Lavonne waliweza kuzungumza tangu teke la kwanza hadi filimbi ya mwisho, na bado wakajua nani kaangusha mpira. Miaka ilikwenda hivyo. Hawakutembeleana hata siku moja. Ndivyo ilivyo kwa watu wa benchi: unajua goti gani la mwenzako huuma, unajua ndama gani kazaliwa usiku wa Krismasi, lakini hujui mlango wa nyumba yake una rangi gani.

Mchezo ambao wote wanne waliukumbuka kuliko yote ni ule wa ubingwa wa kanda, Januari ile timu ya New York ilipokuja. Aliyeshinda angekwenda kwenye fainali kuu. Baridi ilikuwa ya kutisha; bia iliganda kwenye vikombe kabla watu hawajaifikisha mdomoni. Bernice na Lavonne walijifunika blanketi moja, miguu yao wameiingiza ndani ya boksi la kadibodi. Mchezo ukaenda hadi muda wa nyongeza, na New York wakashinda kwa teke moja. Uwanja mzima ukanyamaza. Gordy, jitu la mikono mipana ambalo lilikuwa likibeba magunia mawili ya chakula cha ng'ombe kwa mkupuo, akaanza kulia. Norbert hakujua la kufanya. Alimimina kahawa yenye brandi kwenye kifuniko cha chupa, akaipitisha mbele ya wanawake wawili mpaka ikamfikia.

"Mwakani," alisema Norbert.

"Mwakani," alisema Gordy, akanywa.

Bernice aliugua saratani miaka kadhaa baadaye, akafa mwezi wa Julai. Norbert aliporudi uwanjani msimu ule, alimkuta Lavonne ameshatandika lile blanketi kwenye nafasi ya Bernice, kutoka ukingo hadi ukingo. "Asije mtu akajikalia," alisema tu. Hakumpa pole, na Norbert alimshukuru moyoni kwa hilo, maana pole zilikuwa zimemchosha.

Kisha ukaja mwaka wa ule ugonjwa uliofunga dunia. Uwanja ukabaki bila watu. Norbert aliitazama timu yake sebuleni, na mara nyingi alijikuta akigeuka upande wa kushoto kusema neno, akakuta taa na meza ya simu.

Uwanja ulipofunguliwa tena, alifika mapema. Alipangusa benchi, akaketi, akangoja. Lavonne alipanda ngazi peke yake, ameshika reli. Alikuwa amevaa koti la Gordy, mikono yake imekunjwa mara kadhaa. Norbert alilitazama lile koti na hakuhitaji kuuliza.

"Lini?" alisema.

"Februari. Mapafu." Alisimama pale kwenye ngazi, watu wakimpita. "Nilitaka kukuarifu, nikagundua sina namba yako. Miaka yote ile, Norbert, sina namba yako."

"Mimi pia sina yako."

"Sisi ni watu wa ajabu."

"Tumekuwa hivyo siku zote," alisema Norbert.

Lavonne aliangalia ile nafasi ya katikati, iliyokuwa ya Bernice, kisha akaangalia ya Gordy kule pembeni. "Upepo wa pembeni ni mkali," alisema. "Bernice angekasirika nikikaa pake?"

"Angekasirika ukikaa mbali."

Basi akakaa hapo. Msimu mzima walikaa bega kwa bega, na kwenye nafasi mbili zilizobaki wakaweka mifuko, makoti na chupa za kahawa. Lavonne alikuwa mkali wa mpira kuliko Norbert alivyomjua. Alimwita refa majina ambayo Norbert hakuwahi kuyasikia kwa mwanamke wa parokia. Siku moja timu ilipopoteza mpira kizembe, alisema, "Hata ng'ombe wangu mwenye jicho moja angeudaka ule," na Norbert akacheka mpaka kahawa ikamwagikia magotini. Hakuwa amecheka hivyo tangu Julai ile.

*

Mwaka uliofuata ndipo ilipokuja habari ya London.

Wakubwa wa ligi walikuwa wakipeleka michezo ng'ambo kwa muda mrefu: Uingereza, Mexico, na sasa walikuwa wakizungumza habari za Ujerumani. Timu zote zilishakwenda isipokuwa ya Green Bay. Mji mzima ulijua siku itafika. Lakini Norbert alipoona ratiba, na kuona kwamba ule mchezo wa Oktoba umehesabiwa kuwa mchezo wa nyumbani, alihisi kama mtu aliyeamka akakuta jirani amehamisha uzio.

"Nyumbani gani hiyo yenye bahari katikati?" alimwambia binti yake, Patrice.

"Ni mchezo mmoja, baba."

"Leo mmoja."

Mwezi wa Agosti, kwenye mchezo wa majaribio ambao hakuna anayejali nani anashinda, Lavonne alifungua mkoba wake, akaufunga, akaufungua tena.

"Nimepata tiketi za London," alisema. "Parokia inapeleka kundi. Gordy alisema zamani kwamba siku timu ikivuka bahari, tutaifuata. Alikuwa akitania, lakini mimi niliweka moyoni."

"Vizuri," alisema Norbert.

"Mbili. Moja haina mtu."

Aliyasema hayo akitazama uwanjani. Norbert naye alitazama uwanjani. Alikuwa ameelewa. Moyo wake uliruka kama wa kijana, na papo hapo hofu ikamshika. Na Norbert, kila alipoogopa, alilalamika.

"Mchezo wa nyumbani ni wa nyumbani," alisema. "Wale jamaa wameshauza kila kitu, sasa wanauza hata Jumapili zetu. Nipande ndege mimi, nikabanwe kule angani kama dagaa, niende kuitazama timu yangu mbele ya watu wasiojua hata mpira unashikwaje? Wacha wakacheze huko. Mimi nitawasubiri hapa."

Lavonne aliufunga mkoba.

"Sikukuuliza habari za mchezo, Norbert," alisema.

Kisha akageuza uso upande mwingine. Michezo iliyofuata ya Septemba alikuwa mpole na mwenye adabu, na adabu ile ilimuuma Norbert kuliko matusi. Alimwita refa "refa" tu. Norbert alitafuta maneno ya kurudisha lile alilolisema, lakini kila alipofungua kinywa mtu alivunjwa mbavu uwanjani au kikundi cha muziki kilianza kupiga. Mwisho wa Septemba Lavonne alimuaga kwenye ngazi, akasema atamletea majani ya chai ya Waingereza. Norbert alisema asante. Tiketi ile nyingine Lavonne alikuwa ameshairudisha ili iuzwe.

*

Mchezo wa London ulianza saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Green Bay. Watu walikwenda misa ya Jumamosi jioni ili Jumapili wawe huru. Patrice alikuja kwa baba yake na mayai na soseji, akamkuta ameshakaa karibu sana na televisheni.

"Utaharibu macho."

"Yameshaharibika."

Wapinzani walikuwa New York, wale wale wa Januari ile. Timu ilianza vizuri. Patrice alipiga makofi, akageuka kumtazama baba yake, akaona hapigi. Kila kamera ilipohamia kwa watazamaji, mzee aliinama mbele. Mpira uliporudi uwanjani, alijiegemeza tena.

"Baba, mpira uko kule."

"Nauona."

"Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu."

"Ana kofia ya rangi gani?"

Norbert alisukuma soseji kwenye sahani. "Kijani," alisema mwishowe. "Ina kishada juu, cha njano. Ameisuka mwenyewe."

Patrice alisogeza kiti chake akakaa naye karibu na kioo, na wakaitafuta wote wawili. Lakini watu wa kule walikuwa wengi mno, na kofia za kijani hazikuwa na idadi. Kilichomshangaza Norbert ni fulana. Waingereza wale walivaa fulana za kila timu ya ligi, hata zile ambazo hazikucheza siku ile, hata za timu ambazo kwao Marekani hakuna anayetaka kuonekana nazo hadharani. Na walijua wakati wa kupiga kelele na wakati wa kunyamaza. Hilo hakulisema kwa sauti.

Robo ya mwisho ya mchezo mambo yaliharibika. New York walirudi, wakasawazisha, wakashinda. Norbert hakukasirika kwa kushindwa. Aliwaza tu kwamba Lavonne yuko mbali, amevaa koti la Gordy, timu imefungwa, na hakuna mtu wa kumpitishia kahawa.

*

Jumapili iliyofuata timu ilirudi kucheza nyumbani. Norbert alifika mapema, akapangusa nafasi zote nne. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno yake ndani ya gari. Mchezo ukaanza, na benchi bado liko tupu. Robo ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaenda. Hakuna aliyepanda ngazi zile ila wauza bia.

Filimbi ya mapumziko ilipopigwa, Norbert alisimama, akafunga koti, akaanza kushuka. Mwanamume aliyekaa nyuma yake tangu enzi za baba yake alimshika bega.

"Norbert, unaumwa?"

"Hapana."

"Basi unakwenda wapi?"

"Luxemburg," alisema, akaendelea kushuka. Hakuwahi kutoka uwanjani kabla ya mwisho, hata siku ile ya baridi ya kuua.

Barabara ilikuwa tupu, maana watu wote walikuwa mbele ya televisheni. Kijijini hakujua aanzie wapi. Alisimama mbele ya baa ya kwanza aliyoiona, akaingia. Nyuma ya kaunta mwanamke mnene alikuwa akifuta bilauri huku akiangalia uchambuzi wa mapumziko.

"Namtafuta Lavonne Vandenack," alisema Norbert.

"Wa nini?"

"Huwa tunakaa naye uwanjani."

Mwanamke aliweka bilauri chini, akampima juu hadi chini. "Wewe ndiye Norbert."

"Nani kakwambia?"

"Gordy alikuwa akikaa hapo ulipoegemea. Kila Jumatatu tulisimuliwa. Norbert kasema hivi, Norbert kanuna vile. Sisi tulidhani u mrefu kidogo." Akatazama televisheni, akamtazama tena. "Mpira haujaisha, nawe uko hapa?"

"Ndiyo."

Mwanamke hakuuliza zaidi. Alimwelekeza: apite kanisa, apite kiwanda cha jibini, nyumba nyeupe yenye mlango mwekundu. Kisha akamtilia mfuko wa jibini mbichi mkononi. "Mpelekee. Mwambie asijaribu kutembea."

Maneno hayo ya mwisho yalimfanya Norbert aendeshe gari kwa kasi aliyoiacha ujanani.

Alipobisha, sauti ilijibu kutoka ndani. "Mlango uko wazi. Ingia mwenyewe, siwezi kusimama."

Lavonne alikuwa kwenye kiti kirefu, mguu wa kulia umefungwa plasta nyeupe na kuwekwa juu ya mito. Televisheni ilikuwa ikionyesha mchezo ule ule. Alimwona Norbert, akageuka kuutazama uwanja kwenye kioo kana kwamba atamwona pale pia, kisha akamrudia.

"Nusu ya pili inaanza," alisema.

"Najua."

"Unaumwa?"

"Leo kila mtu ananiuliza hivyo. Mguu umefanya nini?"

"Kifundo kimevunjika. Ngazi za Waingereza." Akampokea ule mfuko wa jibini. "Kaa basi. Umesimama na kofia mkononi, unanifanya nione kama niko kanisani."

Norbert akakaa, kofia mikononi. Lavonne akapunguza sauti ya televisheni, akamsimulia.

Tiketi aliyoirudisha ilinunuliwa na mtu mmoja aitwaye Terence, fundi wa lifti wa upande wa kusini wa London. Alifika amevaa fulana ya Green Bay ya zamani, imepauka mpaka kijani imekuwa kama maji ya bwawa. Alipokuwa mdogo aliona kwenye televisheni watu wakicheza ndani ya theluji, akadhani si watu wa dunia hii. Tangu hapo timu yake ikawa hiyo. Kwa miaka mingi alikesha peke yake jikoni, sauti imezimwa asimwamshe mkewe, akitazama michezo ambayo huanza kwao watu wakiwa wamelala. Hakuwahi kuiona timu kwa macho yake.

"Alikaa kwenye kiti ulichokikataa," alisema Lavonne.

Norbert aliinua uso. "Mtu wa umri gani?"

"Hajafika hamsini. Nimekwambia ana mke."

"Nilikuwa nauliza tu."

"Ndiyo, nimeuona uso wako ukiuliza." Lavonne alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Agosti. "Basi sikiliza. Robo ya mwisho inaanza, bado tunaongoza, mimi nasema ngoja nishuke nikanywe chai. Nikateleza. Nikasikia mfupa. Terence akawa wa kwanza kunifikia. Nikamwambia, rudi ukakae, wewe umengoja maisha yako yote, watu wa huduma wananitosha. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Mama, timu itacheza tena wiki ijayo. Wewe huna mtu hapa.' Akapanda na mimi kwenye gari la wagonjwa. Alikaa hospitali mpaka jioni, mkoba wangu juu ya magoti yake, amenyooka kama anamlinda malkia. Mkewe akatuletea sandwichi. Habari ya kwamba tumefungwa tuliambiwa na nesi."

Norbert aliitazama kofia mikononi mwake. Alikuwa akiyakumbuka maneno yake ya Agosti, kuhusu watu wasiojua mpira unashikwaje, na masikio yalimwaka kwa aibu.

"Aliniuliza habari za koti," Lavonne aliendelea, polepole sasa. "Nikamweleza Gordy alikuwa nani. Nikamweleza yote, Norbert. Hata la kulia siku ile. Na kahawa yako."

Kwenye televisheni timu ilikuwa ikifungwa. Wala hawakuitazama.

"Lile uliloniuliza Agosti," alisema Norbert.

"Ndiyo."

"Niliogopa. Kusema kweli si ndege. Niliogopa kukaa mahali pa Gordy." Aliigeuza kofia yake, akaigeuza tena. "Halafu niliogopa zaidi kwamba ningependa kukaa pale."

Lavonne alichukua kipande cha jibini, akakishika bila kukila.

"Mimi pia niliogopa," alisema. "Unadhani nilifungua ule mkoba mara ngapi kabla ya kukuambia?" Kisha akapangusa macho kwa ukingo wa mkono wa koti. "Nenda jikoni. Kuna supu ya kuku kwenye friji, ile nzito. Ipashe moto, lakini usiichemshe sana, nyama itachambuka. Na ulete bakuli mbili."

Norbert alikwenda. Hakujua vijiko viko wapi. Alifungua droo zote mpaka akavipata, na Lavonne alimsikiliza akihangaika bila kumwelekeza, kwa sababu alikuwa hajasikia mtu mwingine akifungua droo zake kwa muda mrefu.

*

Kuanzia wiki ile Norbert alikuwa na safari ya kwenda Luxemburg. Mwanzo alisema anakwenda kwa sababu ya mguu. Theluji ilipoanza, alisema ni kwa sababu ya kuisafisha njia ya gari. Plasta ilipotolewa na theluji ikawa imesafishwa na kijana wa jirani, Patrice alimuuliza sasa ni kwa sababu ya nini. Mzee alisema hana sababu, anakwenda tu. Patrice alimbusu kwenye upara.

Siku ya fainali kuu timu yao haikuwemo. Msimu wao ulikuwa umekwisha mapema, na kwa kufungwa. Lakini hakuna mtu katika nchi ile anayeiacha Jumapili ya fainali ipite hivi hivi. Norbert alifika na soseji, Lavonne alikuwa ameoka, Patrice alikuja na mumewe, na wakaitazama fainali ya watu wengine bila uchungu, wakila kupita kiasi. Katika mapumziko simu ya Lavonne ililia.

"Ni Terence," alisema. "Kule kwao watu wako usingizini, huyu bado macho." Akaongea naye kidogo, akacheka, kisha akamnyooshea Norbert simu. "Anataka kuongea na mtu wa kahawa."

Norbert aliishika simu kama kitu cha moto.

"Mzee Norbert," ilisema sauti ya chini, ya mtu anayeongea jikoni asiwaamshe wengine. "Nilikaa kwenye kiti chako. Nisamehe."

"Ulikitumia vizuri kuliko ambavyo ningekitumia," alisema Norbert. Alitafuta la kuongeza. "Kesho huna kazi?"

"Ninayo, tena alfajiri. Mke wangu anasema nina wazimu."

"Na wangu alisema hivyo hivyo." Norbert alimtazama Lavonne, aliyekuwa akijifanya hasikilizi. Kisha maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Sikiliza, bwana. Mimi nina nafasi mbili, yeye ana mbili. Sisi wenyewe tunatumia mbili tu. Njoo. Mlete na mkeo. Ile robo uliyoikosa, tukulipe hapa."

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu ya jikoni.

"Desemba?" alisema Terence. "Kukiwa na theluji?"

"Theluji siwezi kukuahidi. Baridi naahidi."

Fainali ilipoisha, Patrice alikuwa ameshaondoka, na Lavonne alikuwa amesinzia, kichwa chake begani kwa Norbert. Karatasi za rangi zilikuwa zikimwagwa uwanjani juu ya washindi. Norbert hakusogea kuichukua rimoti, ingawa mkono ulikuwa umekufa ganzi.

*

Hawakufunga ndoa. Walilizungumza mara moja, wakakubaliana kwamba wote wawili walikwisha kufunga ndoa njema zamani, kila mmoja na mwenzi wake, na kwamba haya yaliyobaki hayahitaji padri. Norbert aliuza nyumba yake kwa mjukuu wa rafiki, akahamia kwenye mlango mwekundu na viti vyake viwili na picha ya Bernice. Lavonne mwenyewe ndiye aliyeitundika, kando ya ya Gordy.

Terence na mkewe, Yvette, walikuja Desemba. Norbert na Lavonne waliwapokea uwanja wa ndege na makoti ya akiba, maana waliyoyavaa yalikuwa ya mvua tu. Siku ya mchezo theluji ilianguka kidogo, nyepesi, na Terence alisimama nje ya lango ameinua uso, mdomo wazi kidogo, watu wakimkwepa kushoto na kulia. Hakuna aliyemharakisha.

Walipofika safu yao, Yvette alikaa karibu na Lavonne, na kabla mpira haujapigwa walikuwa tayari wameanza kuzungumza habari za magoti, watoto na bei ya siagi. Terence alibaki amesimama.

"Gordy alikaa wapi?" aliuliza.

Lavonne alimwonyesha ile ya pembeni, kwenye upepo.

Terence alivua glovu, akaifuta theluji pale kwenye bati kwa kiganja kitupu, taratibu, mpaka namba ikaonekana. Ndipo akaketi. Norbert, kule pembeni kwingine, alifungua chupa ya kahawa na kuanza kumimina, na wanawake wawili wakarudisha migongo nyuma ili mkono wake upite.

Timu ilifungwa. Terence alisema hajawahi kuona mchezo mzuri kama ule maishani mwake.